Ndoto Ambayo Sikuiota

Mama yangu Nyawira,

Kabla hujafika mstari wa pili, jua hili: sikuota. Ile ndoto niliyoisimulia Jumapili mbele ya ndugu wote wa ushirika, ya wewe kuvuka mto na sanduku kichwani, maji yakapanda, sauti ikasema "Mrudishe binti yako", sikuiota. Niliitunga. Niliitunga Jumamosi nikikata bati, na Jumapili asubuhi nikinyoa ndevu nikaongeza ile sauti, kwa maana niliona mto peke yake hautoshi.

Basi umeshajua. Ukitaka kuichana barua hapa, ichane, lakini kesho uende chuo.

Nakuandikia mchana, juu ya meza ya kazi, na mlango wa karakana nimeufunga kwa ndani ili watu wa Chaka wapite wakidhani nimekwenda Nyeri kununua bati. Wewe umekwenda Kiganjo kumrudishia shangazi yako sweta aliyokufumia, kwa sababu umesema sweta ya kwenda shule haivaliwi na mtu asiyekwenda. Nilikuona ukiikunja. Uliikunja vizuri, mikono ndani, bila chozi hata moja. Haki ningependa ungelia. Ungenijibu vibaya hata kidogo, ukapiga mlango kwa nguvu, nikapata sababu ya kukukaripia. Lakini ulisema tu, "Kama Mungu amesema, Baba, nitakaa," ukaenda kumpa ng'ombe maji.

Kwa mdomo siwezi kukuambia haya. Mdomo wangu naujua. Nikianza ana kwa ana nitayaona macho yako, nitageuka njiani, na kabla hujatanabahi nitakuwa nimeota ndoto nyingine.

Utauliza mbona nakuandikia Kiswahili na nyumbani tunaongea Kikuyu. Ni kwa sababu ndoto zote mbili nilizitoa kwa Kikuyu. Ndiyo, zilikuwa mbili, tutafika huko. Kiswahili nilifundishwa Nanyuki na marehemu fundi Salim, mzee wa pwani aliyenifundisha kazi ya bati, na katika lugha hiyo nimebishana bei, nimetukana punda, nimeomba chai, lakini sijawahi kumsingizia Mungu. Acha niitumie ikiwa bado safi.

Mambo ya kufua na kula na kutotembea na watu wabaya atakuambia mama yako, anayajua kuliko mimi. Mimi ninalo jambo moja, nalo ni aibu yangu.

Nina wivu, Nyawira. Si wivu wa siku moja. Niko nao kama mtu alivyo na kikohozi cha vumbi, naamka nao, nalala nao. Nimekuonea wivu wewe mwenyewe, binti yangu wa kuzaa. Nakuita mama kwa sababu ulipozaliwa ulipewa jina la mama yangu, kama desturi yetu ilivyo kwa binti wa kwanza, na tangu siku hiyo sijawahi kukuita mtoto. Labda hapo ndipo pabaya palipoanzia. Mtu humwachaje mama yake aondoke zake?

Ile barua ya chuo cha manesi cha Kerugoya ilipofika, ni mimi niliyeichukua posta. Niliifungua hapo hapo nimesimama, jambo ambalo halikuwa haki yangu, barua ilikuwa na jina lako. Nikasoma kwamba umekubaliwa, na moyo wangu ukafurahi. Nakuapia ulifurahi. Nilikuwa tayari nimeanza kumtazama yule mama wa posta nimwambie binti yangu atakuwa nesi. Halafu nikafika chini, kwenye sahihi. Daudi Muriithi, mwalimu wa chuo. Na chini ya sahihi, kwa mkono wake mwenyewe, maneno matatu: "Msalimie mama yako."

Mama yako! Baba je? Kana kwamba uliokotwa kwenye kahawa!

Nilirudi Chaka kwa miguu ili hasira ipungue, haikupungua. Nikakupa ile barua jioni, ukaruka ukashika shingo ya mama yako, mkacheka, na mimi nikasema nimechoka nikaenda kulala jua likiwa bado juu. Ulidhani naumwa. Uliniletea uji.

Daudi Muriithi humjui, kwa hiyo nikuambie. Mwaka wa pili baada ya Uhuru, alikuwa dresa katika zahanati ya huku kwetu, yeye wa kufunga vidonda na kudunga sindano. Kijana mrefu, mwenye viatu. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Nanyuki na nyundo mbili na mkasi wa bati, natembea miguu mitupu. Sote watatu, mimi na Daudi na mama yako, tulikuwa tumeokoka, tukikutana na ndugu wa ushirika kila Jumatano na Jumapili. Mama yako wakati huo alikuwa Rebeka tu, msichana anayefagia zahanati, na Daudi akamwona ana akili. Akamkopesha kitabu chenye picha za mifupa ya mtu. Akamwandikia barua kwenye chuo cha manesi. Wakamkubali. Ilibaki mwezi mmoja aende.

Mimi nilikuwa nampenda Rebeka hata nikipiga msumari napiga kidole. Sikuwahi kumwambia. Kwa ndugu wa ushirika kijana hakuwa anamfuata msichana njiani na kumwambia mambo ya moyo, hiyo ilikuwa tabia ya watu wa dunia. Kijana alikuwa anaomba. Mungu akimwonyesha mke, analeta jambo lile kwa ndugu wazee, nao wanaliombea, kisha wanawatuma akina mama wawili waliokomaa kwenda kumweleza msichana mapenzi ya Mungu. Ilikuwa desturi nzuri. Wengi waliopatana kwa njia hiyo wamekaa vizuri mpaka leo. Lakini mlango wowote ukiwa mzuri, mwizi naye huupitia.

Jumatano moja nilipita zahanati nikawaona Daudi na Rebeka wamekaa kwenye ngazi, kitabu kwenye magoti yao, goti moja la huyu na moja la yule. Alikuwa anamwonyesha mfupa fulani kwenye mkono wake mwenyewe. Anaubonyeza, naye Rebeka analirudia jina lake. Mama, niliona giza. Sijui kama wewe umewahi kuona kitu hicho, na naomba usikione. Siku ile sikuomba. Nilikwenda moja kwa moja mpaka kwa mzee wa ushirika, nikamkuta akikama ng'ombe, nikamwambia Mungu amenionyesha mke.

Akauliza, "Amekuonyeshaje, ndugu?"

Nikasema nimeota. Nimemwona Rebeka amesimama mlangoni pangu amevaa nguo nyeupe, mkono mmoja umeshika mlango na mwingine umeshika kikombe, na mwanga nyuma yake.

Yule mzee aliacha kukama. Alilia. Alisema yeye mwenyewe alikuwa na mzigo moyoni juu ya Rebeka kwenda mbali, na sasa anaelewa ni kwa nini. Jumapili nikasimama nikaisimulia ndoto mbele ya wote, nao wakapiga makofi wakaimba, na Daudi akaimba pia, jasho likimtoka. Rebeka alisimama katikati ya akina mama, kichwa chini, wakimkumbatia zamu kwa zamu. Hakuna aliyemuuliza chochote. Kumuuliza nini, na Mungu ameshasema? Hakuenda chuo. Tulioana kabla ya mvua ndefu.

Ungedhani sasa nimeshiba. Wapi! Mwizi halali, mama. Aliyepewa kitu hukiweka mezani, aliyeiba hukikalia. Mimi nimemkalia mama yako miaka ishirini. Akichelewa sokoni Karatina, namfuata. Akicheka na mtu, namuuliza kilichomchekesha. Akinyamaza kanisani, najiambia sasa anamfikiria dresa. Na yule Daudi maskini alishaoa zamani, akapelekwa Kerugoya, akasomea ualimu wa manesi, wala hakutuandikia hata kadi ya Krismasi!

Nikupe mawili tu, mengine mama yako akipenda atakuambia.

La kwanza ni siku uliyozaliwa. Uchungu ulimshika mama yako asubuhi, na zahanati ilikuwa hatua mia tatu kutoka mlangoni kwetu. Daudi alikuwa bado yuko. Nikasema hapana, huyo hatamshika mke wangu. Nikasimamisha lori la kabichi lililokuwa linakwenda Nyeri, nikampandisha mama yako juu ya kabichi, na barabara wakati huo haikuwa na lami. Kila shimo alikuwa anauma kona ya leso. Dereva alinitazama, akaniambia, "Wewe mzee, hii mambo unafanya iko na jina lakini sitaki kuitaja." Uliwahi hospitali, lakini kwa shida. Ulikuja umefungwa kitovu shingoni, umegeuka rangi ya zambarau, na muuguzi akakupigapiga mgongoni muda mrefu kabla hujalia. Kisa hicho nimewasimulia watu mara nyingi kama kichekesho, ati Nyawira alizaliwa na kabichi. Sijawahi kuwaambia kwa nini tulikuwa kwenye lori.

La pili ni kile kitabu cha mifupa. Daudi hakukichukua. Mama yako alikihifadhi kwenye kikapu chini ya nguo, nami nikakipata, nikakitupa chooni. Hakusema neno. Nikajua nimeshinda. Halafu mwaka huu, wakati wa Pasaka, nimeingia jikoni nawakuta nyinyi wawili na mguu wa mbuzi kwenye sinia, mama yako anagusa kwa kisu, wewe unataja. Mfupa baada ya mfupa, kwa majina yao ya Kizungu marefu. Ulikuwa huendi shule yoyote ya mifupa. Nikaelewa. Aliyekitupa kitabu ni mimi, lakini kilikuwa kimeshahama zamani, kimo kichwani mwake, na amekuwa akikumwagia wewe kidogo kidogo tangu ukiwa mdogo. Mlikuwa mnacheka. Nikasimama pale mlangoni na njaa yangu, mfupa wowote ule mimi siujui jina isipokuwa goti. Niliona wivu hata kwa mguu wa mbuzi.

Sasa unaweza kuona kwa nini "Msalimie mama yako" ilinichoma. Niliona kile nilichokiiba kinajirudisha chenyewe kwa mwenyewe. Wewe uende, uvae ile nguo nyeupe, Daudi akufundishe, na kila mwisho wa muhula urudi na salamu za kumpa mama. Nikasema, hapana. Na mimi nina dawa yangu, ilinifaa mara ya kwanza.

Wiki hii tangu Jumapili nimekuwa nikiwaza juu ya Mungu, na mimi si mtu wa kuwaza, mimi ni mtu wa kugonga. Nilikuwa napenda sana mahali panaposema kwamba Bwana ni Mungu mwenye wivu. Nilikuwa nampa mama yako mstari huo akilalamika. "Hata Mungu ana wivu," nilimwambia, "sembuse Gichuki wa Chaka." Lakini jana nilikuwa natengeneza sanduku la mtoto wa jirani, nikakumbuka ule mti wa bustanini. Mungu mwenye wivu vile, na hakuuwekea senyenge. Alisema neno lake, akaondoka, akawaacha na miguu yao. Sisi tuliofungwa vijijini na Wazungu wakati wa vita vya Uhuru tunajua senyenge ni rahisi kiasi gani kuizungusha, siku moja tu kijiji kizima kimo ndani. Yeye hakuizungusha. Na hata alipomtaka Mariamu amzalie Mwana, alimtuma mjumbe, na yule mjumbe akasimama pale mpaka msichana akajibu. Alingoja! Mungu alingoja jibu la msichana wa kijijini, na mimi sikuweza kungoja la Rebeka.

Kwa hiyo sikuambii Mungu amekuitia unesi. Sijui. Ukifika ukaona damu ikakushinda, huenda alikuitia kitu kingine, nawe utakitafuta. Maisha yangu yote nimekuwa hodari wa kujua mapenzi ya Mungu kwa kila mtu wa nyumba hii, na sijamuuliza hata siku moja anataka nini na mimi. Nilikuwa na shughuli nyingi za kuwachunga. Hilo ndilo naogopa zaidi kuliko moto, kwamba nitafika kule aniulize, "Gichuki, nilikuwa na jambo na wewe, ulikuwa wapi?" na mimi niseme nilikuwa nyuma ya mke wangu sokoni Karatina.

Sasa nikuambie la leo, ndilo limenifanya niandike.

Ulipotoka na ile sweta, nilimfuata mama yako shambani. Alikuwa anachimba viazi. Nilikuwa nimeamua kumwambia yote mawili, ndoto yako na ndoto yake, kisha anifukuze au anipige kwa jembe, lolote. Nikasimama kwenye mtaro. Upepo wa mlimani ulikuwa mkali hata nikalazimika kupaza sauti, na jambo kama hilo halipendezi kupaziwa sauti. Nikamwambia, "Mama Nyawira, ile ndoto ya Jumapili sikuiota."

Hakuinua kichwa. Akasema, "Najua."

"Na ile ya zamani. Ya wewe na nguo nyeupe. Hata hiyo."

Akang'oa shina, akakung'uta udongo, akatia viazi kwenye ndoo kimoja kimoja. "Hiyo pia najua."

Nikamuuliza tangu lini. Akasema, "Tangu siku ile ile ulipoisimulia. Ulisema umeniona nimesimama mlangoni kwako, nimeshika mlango. Mlango gani, Gichuki? Nyumba yako ilikuwa na gunia. Kama Mungu ndiye angekuonyesha, angekuonyesha nimeshika gunia."

Nikataka kucheka, sikuweza. Ni kweli. Nilikuwa fundi wa bati, na mlangoni pangu palining'inia gunia la sukari. Watu wote mia waliopiga makofi walikuwa wanalijua lile gunia, na yeye peke yake ndiye aliyelikumbuka.

"Basi mbona ulikubali?"

Hapo ndipo alipoinuka, akashika kiuno. Alinitazama kama anayepima iwapo nitaweza kulibeba jibu. Akasema, "Kwa sababu nilikuwa nakutaka, wewe mtu. Daudi alikuwa mwalimu wangu tu, sikumtaka hata siku moja. Nilikutaka wewe, na miguu yako mitupu. Na Jumapili ile ile nilikuwa nimepanga nikuambie baada ya ushirika, tusimame hata pale kwa mlango wa kanisa dakika mbili, nikuambie naenda kusoma miaka mitatu, uningoje, nitarudi. Ukasimama kabla yangu na ndoto."

"Ungekataa tu. Ungesema naongopa."

"Niseme mbele ya watu ndugu Gichuki amemsingizia Mungu? Wangekutoa kwa ushirika. Ungeenda wapi, na ulikuwa huna mtu? Nikanyamaza. Nikachagua kunyamaza, hakuna mtu alinichagulia, usijipe hiyo sifa." Kisha akainamia viazi vyake tena, na akasema kwa sauti ndogo ambayo upepo ungeweza kuibeba, lakini haukuibeba, nikaisikia yote, "Ungeniuliza tu. Ningekuambia ndiyo. Halafu ningekuwa na wewe, na ningekuwa na kazi yangu."

Miaka ishirini, mama. Miaka ishirini nimekalia kitu kama mwizi, na nilikuwa nimepewa. Nimemfuata sokoni mwanamke aliyekuwa ananitaka. Nimempakia juu ya kabichi nimfiche kwa mtu asiyemtaka. Sikuiba upendo wake, ulikuwa wangu tayari. Nilichoiba ni ile miaka mitatu, na nguo nyeupe, na yote ambayo yangetoka humo, na hayo ndiyo nisiyoweza kumrudishia hata nikifua bati usiku na mchana.

Nilimuuliza, "Na Jumapili? Ulijua naongopa juu ya binti yetu, na ukanyamaza tena?"

Akasema, "Mara hii sikunyamaza kwa ajili yako. Nilikuwa nakungoja. Nilikupa mpaka leo jioni. Usingesema wewe, ningemwambia mimi, na kesho ningempeleka stendi mimi mwenyewe, hata na nguo kwenye gunia." Basi unaona. Ulikuwa unakwenda tu, hata mimi nikinyamaza. Lakini afadhali ulisikie kwangu.

Jumapili ijayo nitasimama mbele ya ndugu niseme yote, ya gunia pamoja. Watafanya watakalofanya. Lile ni langu, wewe usilichukue ukalibeba Kerugoya.

Usidhani wivu umekwisha. Hapana, upo, nauona unatazama juu ya bega langu ninavyoandika. Nawaonea wivu wagonjwa watakaokuita sista. Nalionea wivu lile bweni litakalokusikia ukiimba asubuhi. Daudi namwonea wivu hata sasa ninapojua hakuwa na kosa, na kosa lake la kutonisalimia mimi sijalisamehe kabisa. Mpe salamu zangu. Mwambie zimetoka kwa Gichuki mwenyewe, na atajua zimenigharimu. Lakini wivu ukikaa ndani yangu ni shida yangu. Ukianza kusema, na kusema kwa jina la Mungu, hapo ndipo unavunja nyumba za watu. Na siku mtu yeyote, awe mchungaji, awe mchumba, awe mimi tena uzeeni, akikuambia Mungu amemwonyesha kitu juu yako, msikilize kwa heshima, umpe chai, kisha uende ukamuulize Mungu wewe mwenyewe. Akinyamaza, usiogope. Mimi nilidhani kunyamaza kwake ni kutokuwepo. Sasa nadhani huwa anangoja kusikia wewe unasemaje.

Sanduku lako ndilo hili mbele yangu. Nimewatengenezea watoto wote wa Chaka na Kiganjo masanduku ya kwenda shule, na lako peke yake lilikuwa limekaa ukutani bila kifuniko tangu barua ifike. Kila jioni ulikuwa unapita unalitazama, huulizi. Leo nimelimaliza kabla ya kushika kalamu. Pembe nimezikunja mara mbili zisikukate. Bawaba ni tatu badala ya mbili. Wazazi wote hupenda kubaki na ufunguo mmoja nyumbani, na mimi ndiye huwa nawapa shauri hilo. Funguo zako zote mbili nimezifunga kwa uzi mmoja, zimo ndani, pamoja na barua hii.

Nimelipaka rangi ya bluu, imekauka. Unajua desturi yangu, juu ya kifuniko naandika jina la mtoto kwa rangi nyeupe, na chini yake jina la mahali anapokwenda, kubwa, watu wote wa stendi wasome. Huwa siulizi watoto. Wazazi huniambia nami naandika.

Jina lako nimeliandika. Chini yake nimeacha wazi. Kwa hiyo nakuuliza, Nyawira, neno ambalo sikumuuliza mama yako: wewe unataka kwenda wapi? Mimi nitakuwa nje, kwenye gogo, nangoja. Mkebe wa rangi uko juu ya meza, na brashi nimeiosha. Andika mwenyewe.

Baba yako,
Gichuki